Kihispania cha kuumia: upitie Kiingereza au Kiswahili?

Mgeni kutoka Hispania akiteleza kwenye tope la msitu wa Bwindi, hapa Uganda, hatakutajia kiungo kilichoumia kama mtu anayejibu mtihani. Atasema "¡Ay!", atashika mguu, kisha yatamtoka maneno manne matano ya haraka, na hapo ndipo Kihispania chako kinapopimwa. Waongoza watalii wengi wanaojifunza lugha hii wanaweza kusalimia, kuhesabu na kueleza tabia za gorila. Maneno ya maumivu wanayaacha kwa sababu hakuna anayeyapenda, na kozi nyingi huyaweka mbali na mwanzo.

Ulinganisho huu ni wa watu wanaoyahitaji maneno hayo kazini: waongozaji na wapagazi wa Bwindi na Rwenzori, vijana wa maboti ya mpira kule Jinja, wauguzi waliowahi kufanya kazi na madaktari wa Kuba, ambao kwa miaka mingi wamefundisha na kutibu Mbarara, na yeyote anayeishi jirani na misheni yenye mapadre na masista wanaozungumza Kihispania. Mambo ya kuchagua ni matatu: lugha ya kupitia, Kihispania cha wapi, na njia ya kujifunzia. La kwanza watu hulipita bila kulifikiria, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Ukipitia Kiingereza

Kwa Mganda, Kiingereza huwa ndiyo njia ya kawaida. Vitabu viko kwa Kiingereza, programu ya simu ya Duolingo hufundisha Kihispania kupitia Kiingereza, na shule yenyewe tumesoma kwa Kiingereza. Kwa maneno ya wodini faida yake ni kubwa kweli: fractura, contusión, hemorragia, infección, inflamación, anestesia, amputación. Muuguzi aliyehitimu hana haja ya kuyakariri haya. Anayajua akiyaona tu, kilichobaki ni kuyatamka.

Tabu iko kwenye maneno yanayofanana sura bila kufanana maana. Injuria si jeraha, ni tusi au kashfa, jambo la kupelekana mahakamani. Embarazada hakuaibika, ana mimba. Mtu wa Hispania akisema yuko constipado ana mafua tu, usimpe dawa ya kulainisha choo. Aliyefunga choo ni estreñido. Na mama akikuambia "me molesta la rodilla" hajalalamikia mtu aliyemgusa vibaya. Anasema goti linamsumbua, basi.

Kuna neno moja lililogharimu sana. Mwaka 1980 kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali huko Florida, Marekani, akiwa hana fahamu. Familia yake, yenye asili ya Kuba, ilieleza hali yake kwa neno intoxicado, kwa maana kwamba huenda alikula kitu kikamdhuru. Waliompokea wakasikia neno la Kiingereza linalofanana nalo, wakamtibu kama mtu aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa ikivuja kwenye ubongo. Alinusurika akiwa amepooza mikono na miguu, na fidia iliyokubaliwa ilifika takriban dola milioni 71. Aliyejifunza kwamba intoxicado ni "aliyedhuriwa na chakula, dawa au sumu" hawezi kunaswa na mtego huo, kwa sababu hakuna neno la Kiswahili linalofanana nalo la kumpoteza.

Ukipitia Kiswahili

Hapa ndipo mizani inapoanza kuegemea upande ambao wengi hawautarajii. Chukua sentensi ya kwanza ya kila mgonjwa: "Me duele la cabeza." Anayesoma kupitia Kiingereza huambiwa aigeuze sentensi juu chini, kwamba kichwa ndicho kinachotenda na mtu ndiye anayetendewa, na asiseme "kichwa changu" bali "kichwa" tu. Msemaji wa Kiswahili hana cha kugeuza. Kichwa kinaniuma. Kichwa ndicho kitenda, mimi niko katikati ya kitenzi kama "me" ilivyo mbele ya duele, na "changu" haihitajiki. Maumivu yakiwa kwenye miguu miwili, Kihispania hubadilisha kitenzi kifuate miguu: "me duelen los pies." Nasi tunasema inaniuma, si unaniuma. Mtu aliyekua akipatanisha ngeli nyumbani hatashangaa kitenzi kikifuata kiungo.

Endelea na kujikata. "Me he cortado el dedo" ni nimejikata kidole, na ile "me" inafanya kazi ya -ji-. "Se ha roto la pierna" ni amevunjika mguu. Anayetoka kwenye Kiingereza huuliza kama mtu huyo alijivunja makusudi, kwa kuwa anaiona "se" na kudhani ni kujitendea. Sisi tuna -ji- ya kujikata na -ika ya kuvunjika, Kihispania kimezibana zote mbili ndani ya se. Ukishalijua hilo, unaamua kwa akili ya kawaida: kidole hujikata, mguu huvunjika.

Kisha kuna daño. Kamusi hukupa maana ya "madhara" au "uharibifu" na kukuacha hapo. Lakini mdomoni mwa watu neno hili hutembea na hacer: "me he hecho daño" ni nimeumia, "este zapato me hace daño" ni kiatu hiki kinaniumiza, "la leche me hace daño" ni maziwa yananidhuru. Kuumia, kuumiza na kudhuru, vyote vitatu chini ya paa moja. Herida ni jeraha lenye ngozi iliyopasuka, na herido ni majeruhi. Lesión ni ya daktari na ya wachezaji wa mpira. Haihitaji damu ionekane.

Hata matamshi yako upande wetu. Irabu tano za Kihispania ni zetu zilezile. Ñ ni ny, kwa hiyo daño ni danyo na muñeca, kifundo cha mkono, ni munyeka. H haisikiki: herida ni erida, hueso (mfupa) ni weso, hinchado (kimevimba) ni inchado. J inakwaruza koo kama kh ya wenye Kiswahili cha pwani.

Mahali Kiswahili kinapokuangusha

Mguu na mkono. Kwa Kiswahili cha kila siku mguu ni kuanzia nyongani hadi kidole, na mkono ni kuanzia begani hadi ukucha. Kihispania kimegawa: pierna ni mguu wa juu ya kifundo, pie ni wayo, brazo ni mkono wa juu ya kiganja, mano ni kiganja na vidole vyake. Ukitangaza kwenye redio kwamba mgeni ameumia mguu, kituoni hawatajua kama waandae machela au kiatu kipana. Kwa hiyo viungo vya kuanza navyo ni vile vya maungio: tobillo ni kifundo cha mguu, rodilla ni goti, muñeca ni kifundo cha mkono, codo ni kiwiko, hombro ni bega. Kidole hakina shida. Dedo ni cha mkono na cha mguu pia, sawa na kwetu.

Kubwa zaidi ni -uma. Kichwa kinauma, mbwa anauma, mbu anauma, nyoka anauma, vyote kwa kitenzi kimoja. Kihispania kinatenga vitatu: doler ni maumivu ya ndani ya mwili, morder ni meno, picar ni mwiba wa mdudu. "Me ha mordido un perro", mbwa ameniuma. "Me ha picado una abeja", nyuki ameniuma. Kwa nyoka utasikia vyote viwili, mordedura na picadura, kutegemea mtu anakotoka. Tena picar ndiyo kuwasha: "me pica la pierna" ni mguu unaniwasha. Kwenye njia za Bwindi kuna siafu na kuna mimea ya kuwasha inayofanya watu wavae glavu, na dawa ya hiki si dawa ya kile. Sikiliza kama kuna "me ha picado" au "me pica". La kwanza ni kitu kilichouma, la pili ni muwasho unaoendelea.

Yako maneno matatu ambayo hata Kiswahili hata Kiingereza havikusaidii, ni ya kujua tu. Mareado ni mwenye kizunguzungu na ni mwenye kichefuchefu cha safari pia. Uliza swali la pili kabla ya kumpa kitu. Na "me ahogo" kwenye Nile pale Jinja ni nazama, lakini njiani kwenda kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya bahari, ni pumzi inanikatika. Mto au mlima ndio utakaokuambia. Ampolla nayo ina mawili: kwa mtembeaji ni lengelenge la kisigino, kwa daktari inaweza kuwa kichupa cha dawa ya sindano.

Uamuzi wangu hapa hauko katikati. Mwongozaji, mpagazi na mpiga kasia wajifunze moja kwa moja kutoka Kiswahili, hasa sentensi za kuumia, kisha waongeze ramani ya viungo. Muuguzi achukue sentensi kutoka Kiswahili na majina ya magonjwa kutoka Kiingereza, kwa sharti la kuandika pembeni yale maneno ya mtego. Kiswahili kiliingia kwenye Katiba yetu kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005 na bado watu wanakidharau kwamba hakina kazi. Kazi yenyewe ni kama hii.

Cha Hispania au cha Amerika?

Sarufi haitofautiani kiasi cha kukukwamisha, ila vitu vya sanduku la huduma ya kwanza vina majina mawili mawili.

| Maana | Hispania | Nchi nyingi za Amerika |
|---|---|---|
| plasta ya kubandika | tirita | curita |
| plasta ngumu ya mfupa | escayola | yeso |
| alama ya damu iliyovilia | moratón, cardenal | moretón, morado |
| nimeumia | me he hecho daño | me lastimé |
| nimevunjika mkono | me he roto el brazo | me quebré el brazo |
| nimeanguka | me he caído | me caí |
| kitengo cha dharura | urgencias | emergencias. Kuba: cuerpo de guardia |
| ugonjwa wa mwinuko | mal de altura | soroche, upande wa Andes |

Angalia mistari ya kuanguka na kuvunjika. Mtu wa Hispania husema "me he caído" kwa jambo la sasa hivi, kama sisi tunavyosema nimeanguka. Wa Amerika husema "me caí" hata kama bado yuko chini kwenye tope. Ukiwa umezoea cha kwanza, cha pili kitakupita kwa sababu ni kifupi mno. Sauti nayo inabadilika: cicatriz, yaani kovu, Mhispania wa Madrid huitamka kwa th ileile ya thamani, Mkuba huitamka kwa s.

Neno coger lina sumu yake. Hispania ni kushika au kuchukua, na watalisema mbele ya watoto. Meksiko na Argentina ni tusi la chumbani. Ukimnyoshea mgeni mkono avuke kijito, sema "dame la mano", nipe mkono, ambayo ni salama kila mahali.

Wanaofika misituni na milimani na kamera shingoni, ninaowaona mimi, wengi ni wa Hispania, hivyo mwongozaji aanze na safu ya kati ya jedwali na kuitambua ya tatu kwa sikio tu. Muuguzi wa Mbarara afanye kinyume, aanze na cha Kuba. Aliye jeshini aende na cha Hispania: Guinea ya Ikweta, ambako jeshi letu, UPDF, limewahi kupeleka wakufunzi, ilikuwa koloni la Hispania hadi 1968, na Kihispania cha huko kiko karibu na cha Madrid kuliko cha Havana. Jeshi letu tayari linaongea Kiswahili, kwa hiyo daraja lile la kwanza wanalo.

Programu, kadi, au mtu?

Duolingo ni ya bure ukivumilia matangazo, na inakujengea mazoea ya kila siku. Lakini inaegemea Kihispania cha Amerika, inapitia Kiingereza, na itakutembeza mikahawani na kwa mashangazi muda mrefu kabla hujakutana na mtu aliyetokwa damu. Kwa msingi wa lugha, sawa. Kwa kuumia peke yake, ni njia ndefu ya kufika karibu.

Kadi za Anki, programu ya kukariri kwa kadi zenye pande mbili, ni bure kwenye simu za Android na kwenye kompyuta, ila kwa iPhone unalipia. Ubora wake kwetu ni kwamba zinafanya kazi bila mtandao, na anayeishi Nyakalengija au Kilembe, chini ya Rwenzori, anajua mtandao unavyomuaga akianza kupanda. Lakini kadi ni nzuri kadiri ulivyoiandika. Kadi yenye "tobillo" mbele na "kifundo" nyuma itakupa neno ambalo hutalisikia likitoka peke yake. Andika tukio upande mmoja, kwa Kiswahili: mgeni amekaa chini, amevua kiatu, kifundo kimevimba. Upande wa pili weka anachosema: "Me he torcido el tobillo, no puedo apoyar el pie." Nimeteguka kifundo, siwezi kukanyagia. Hiyo ni kadi moja yenye maneno manne ya kazi, na utaikumbuka kwa sababu umeshamwona mtu huyo.

Kuna njia ya wapenda mpira ambayo sijaona mtu akiitaja. Anayeshinda kibandani akifuatilia La Liga anaweza kusoma parte médico, taarifa fupi ambayo klabu hutoa mchezaji anapoumia. Za Real Madrid zimeandikwa kwa mtindo mmoja miaka nenda rudi: jina, lesión ya msuli fulani, mguu wa kulia au wa kushoto, kisha "pendiente de evolución", yaani watamwangalia anavyoendelea. Ukizisoma kidogo tu, derecha na izquierda hazikutoki tena kichwani. Udhaifu wake ni kwamba hakuna mchezaji anayelia ndani ya taarifa ya klabu. Ni Kihispania cha daktari aliyetulia. Kwa anayesomea tiba ya viungo ni dhahabu, kwa mwongozaji ni ziada.

Mtu hai anashinda vyote hivyo kwa jambo moja: kasi. Na si lazima awe mwalimu wa kulipwa. Misheni nyingi zina padre au sista anayezungumza Kihispania tangu kuzaliwa, na ombi la heshima halikataliwi kirahisi: "Sista, shikamoo, naomba unisomee sentensi hizi kwenye simu, mara moja polepole, mara moja kama mtu aliyeumia kweli." Zile sauti ziweke kwenye simu, ziunganishe na kadi, usikilize ukiwa kwenye takisi. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya bei ndogo yenye faida kubwa, kuliko kozi ya darasani itakayokufundisha wakati ujao wa kitenzi kabla ya "no siento los dedos", sihisi vidole.

Mwalimu wa kulipwa ana maana ukimtumia kwa igizo. Mwambie alale chini, mkataze kuongea Kiingereza, umhoji. Na hapo utagundua jambo ambalo orodha yoyote haikufundishi: si kila swali ni la kuuliza. "¿Qué te pasa?", una nini, litakuletea mafuriko ya maneno usiyoyaelewa. Uliza yanayojibika kwa kidole au kwa sí na no. "¿Dónde te duele? Señala." Wapi panauma, onyesha. "¿Puedes mover los dedos?" Unaweza kusogeza vidole? "¿Te has dado un golpe en la cabeza?" Umegonga kichwa? "¿Eres alérgico a algo?" Una mzio na kitu chochote? Hilo la mwisho liulize kabla ya kufungua kidonge chochote. Kwa mwanamke ni alérgica.

Akiwa ni mzee, te ya duele inageuka le, na vitenzi navyo hubadilika: "¿Dónde le duele?", "Señale", "¿Puede mover los dedos?" Wahispania vijana hawajali sana na watakuambia uache rasmi hizo. Mtu wa Kolombia au padre mwenye mvi atasikia tofauti, kama mzee wa kwetu anavyosikia aliyeruka shikamoo. Ukiwa huna uhakika, tumia le.

Wahispania wengi huchukua likizo Agosti, ambao ni msimu wa ukame wa kupanda milima kwetu pia. Anayeanza Mei na sauti za sista kwenye simu, kadi chache za matukio na safu ya Hispania ya lile jedwali, atakuwa na la kusema wageni wa kwanza wakishuka kwenye gari. Asiyekuwa na muda huo aandike yale maswali manne kwenye karatasi, aizungushie nailoni, aiweke ndani ya kifuniko cha sanduku la huduma ya kwanza, juu ya glavu.